Gololi, dhumna na kopo la mchanga: Jinsi mwanangu alivyopatana na fizikia

Siku mwanangu alipoleta nyumbani karatasi ya mtihani wa fizikia yenye alama 22, nilifanya kile ambacho wazazi wengi hukifanya. Nilipandisha sauti. Nilimwambia kuwa ni mvivu, nikamhesabia ada, nauli ya daladala na fedha za twisheni tulizolipa kwa miezi miwili. Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa, begi likiwa bado mgongoni. Nilipomaliza alisema kwa sauti ya chini: "Mama, nikifika kidato cha tatu fizikia naiacha."

Yuko kidato cha pili. Shuleni kwao mwisho wa mwaka huu ndipo wanafunzi wanapochagua nani aendelee na fizikia na kemia, na nani aelekee kwenye masomo mengine. Mtoto akishaufunga mlango huo, kuufungua tena ni kazi kubwa. Udaktari, uhandisi, urubani, ufundi wa umeme, njia zote hizo zinapita hapo. Sikuwa na ndoto ya kumlazimisha awe mhandisi. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anaondoka kwa hofu, kabla hajajua anachokikimbia.

Usiku ule, hasira zilipopoa, nilimwita mezani nikamwomba anieleze nishati ni nini. Alinitajia maana yake kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kukosea hata moja. Nikamwambia, "Vizuri. Sasa mweleze bibi yako kwa Kiswahili."

Bibi yake, mama mkwe wangu tunayeishi naye hapa Morogoro, aliacha kuchambua mchele akamgeukia mjukuu wake. Akasubiri. Kijana alitazama dari, akatazama meza, akajikuna kichwa. Jibu halikuja.

Hapo ndipo niliposhtuka. Mtoto niliyemwita mvivu alikuwa amekariri daftari zima. Alikuwa na maneno yote ya fizikia, ila hakuwa na kitu hata kimoja cha kuyashikisha. Katika shule zetu za sekondari somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyetoka shule ya msingi akisoma kwa Kiswahili anaweza kuhesabu, kuchora na kukariri kwa miaka miwili bila kuliona lile jambo lenyewe linalozungumzwa.

Kazi ya likizo

Muhula ulipokaribia kufungwa alirudi na karatasi ya aina nyingine. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa amewagawa katika makundi ya watu watatu na kuwapa kazi ya likizo: watengeneze mashine itakayowasha balbu ya tochi kwa hatua zisizopungua tano, kila hatua ikisukuma inayofuata. Mkono wa mtu uguse mara moja tu, pale mwanzo. Vifaa viwe vilivyopo nyumbani. Maelezo yaandikwe kwa Kiingereza, lakini siku ya maonyesho kila mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili mbele ya wazazi.

Kulikuwa na masharti mawili zaidi ambayo sikuyatilia maanani wakati huo. La kwanza, kila jaribio litakaloshindwa liandikwe kwenye daftari pamoja na sababu yake, na daftari hilo ndilo lenye nusu ya alama. La pili, mzazi anaruhusiwa kuuliza maswali, haruhusiwi kugusa mashine.

Bibi aliposomewa karatasi ile alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kwani kuwasha taa si unabonyeza swichi tu?"

Kumbe bibi aliligusa lile lile lililowachekesha watu miaka mingi iliyopita, huko mashine za namna hii zilikopata jina.

Nchini Marekani mashine hizi huitwa kwa jina la mchoraji wa katuni, Rube Goldberg, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1883. Goldberg alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akahitimu mwaka 1904 na kuajiriwa katika idara ya maji na majitaka ya jiji lake. Hakukaa sana. Aliacha mabomba akaenda kuchora katuni magazetini. Mhusika wake mmoja maarufu alikuwa profesa wa kubuni aliyechora mitambo mikubwa ya kufanya mambo madogo, kwa mfano mtambo wa kumfuta mtu mdomo wakati anakunywa supu, wenye kijiko, kamba, kasuku, ndoo na mengineyo. Alikuwa anaikejeli tabia ya binadamu ya kuzungusha mambo mepesi. Mwaka 1948 alipata Tuzo ya Pulitzer, ingawa aliipata kwa katuni yake ya siasa. Alifariki mwaka 1970.

Utani wake uligeuka somo. Mwaka 1949 wanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, walianza kushindana kutengeneza mashine za kweli za namna ile. Mashindano yalisimama miaka ya 1950, yakafufuliwa mwaka 1983, na mwaka 1988 yakawa ya kitaifa. Waingereza nao wana mchoraji wao wa mitambo ya ajabu, Heath Robinson. Nchini Japani, tangu mwaka 2002, televisheni ya NHK ina kipindi cha watoto kinachosifika kwa mashine za namna hii.

Watoto wetu hawakuzitumia habari hizo. Wao waliipa mashine yao jina walilolijua tangu utotoni, jina la magari mabovu ya mtaani. Waliiita "Sukuma Twende".

Barazani kwetu

Kwa wiki tatu baraza letu halikuwa na nafasi ya kukalia. Wenzake wawili walikuja kila asubuhi baada ya kazi za nyumbani, wakaondoka jua linapozama. Baba yao aliikosa dhumna yake muda wote huo, maana vipande 27 vilikuwa vimesimama mstarini juu ya meza. Cha 28 kilipotea zamani.

Walipanga hivi. Gololi inateremka kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa kati na kugonga dhumna ya kwanza. Dhumna zinaangushana hadi mwisho wa meza. Hapo kuna kopo la maziwa lililojaa mchanga, limekaa ukingoni kabisa. Kopo likianguka linavuta uzi uliopita juu ya kapi, ambalo ni bobini ya cherehani ya bibi iliyochomekwa kwenye msumari wa nguzo. Uzi unainua kizuizi, mpira wa tenisi unateremka kwenye ubao na kutumbukia ndani ya kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya rula ndefu. Rula imekaa juu ya penseli kama bembea. Ncha moja ikishuka, ya pili yenye foili ya kufungia chakula inapanda na kuunganisha nyaya mbili. Balbu inawaka.

Kwenye karatasi ilichukua dakika 20 kuichora. Barazani, siku ya kwanza, gololi haikutoka hata kwenye bomba. Palikuwa na kiungo kilichobaki na ukingo mdogo, gololi ikifika pale inasimama. Wakaandika: jaribio la 1, imekwama kwenye kiungo, msuguano na ukingo. Wakasugua kwa msasa.

Jaribio la 6 dhumna ziliishia katikati kwa sababu kipande kimoja kilikuwa kimesogezwa mbali kuliko urefu wake, kikaanguka bila kumfikia jirani. Wakachukua rula, wakapima: kipande kina urefu wa sentimita 5, nafasi kati ya kimoja na kingine wakaiweka sentimita 2 na nusu. Jaribio la 9 uzi uliteleza lakini bobini haikuzunguka. Wakapaka msumari nta ya mshumaa. Jaribio la 12 kila kitu kilikwenda vizuri mpaka kwenye balbu, ambayo haikuwaka. Walizunguka nusu saa wakitafuta kosa, mpaka binti yangu wa darasa la tano alipouliza kwa nini waya bado umevaa plastiki yake mpaka nchani.

Nilikuwa nawatazama kupitia dirisha la jikoni. Mtoto aliyekuwa akisinzia juu ya daftari la fizikia sasa alikuwa analala kifudifudi sakafuni, jicho moja limefumbwa, akitazama kama ubao umenyooka.

Nguvu imetoka wapi?

Kikwazo kikubwa kilikuwa kopo. Dhumna ya mwisho ililigonga, nalo halikutikisika. Wakapunguza mchanga, likaanguka, lakini sasa lilikuwa jepesi mno kuinua kizuizi. Wakaurudisha mchanga. Siku mbili zilipita hivyo, na mwenzake mmoja akaanza kusema wanunue kigari cha betri wamalize kazi.

Nilikumbuka kuwa ninaruhusiwa kuuliza. Nikauliza, "Hivi kitu kidogo kinaweza kuangusha kikubwa kuliko chenyewe?"

Walibishana, kisha wakajaribu. Dhumna iliangusha kipande cha mbao cha sentimita 7. Kipande kile kikaangusha boksi la majani ya chai. Boksi likaangusha kitabu cha hadithi chenye jalada gumu. Kitabu kikaigonga kamusi, na kamusi ikagoma. Walipoichunguza waligundua kuwa ni nene, imekaa kwa kujiamini. Bibi akawaambia kutoka kwenye mkeka wake, "Mtungi wenye kitako kipana hauangushwi na kuku." Wakaitoa kamusi wakasimamisha ubao wangu wa kukatia mboga, mrefu na mwembamba. Kitabu kikauangusha, nao ukalisukuma kopo likaruka chini na mchanga wake wote. Kelele walizopiga ziliwatoa majirani nje.

Watoto hawakujua, lakini walikuwa wamepita njia iliyokwisha kupimwa. Mwaka 1983 mwanafizikia Lorne Whitehead aliandika katika jarida la American Journal of Physics kuhusu mnyororo wa dhumna zinazozidi kukua, kila moja ikiiangusha iliyo kubwa kuliko yenyewe kwa takriban mara moja na nusu. Piga hesabu mwenyewe: ukianza na kipande cha milimita 5 na kila kinachofuata ukakizidisha mara moja na nusu, kipande cha 29 kitapita urefu wa mita 400. Hakuna jengo Dar es Salaam linalofikia hapo.

Jioni ile mwanangu hakula haraka kama kawaida yake. Kuna jambo lilikuwa linamsumbua. Alikwenda duka la jirani kuomba mizani. Gololi ilikuwa na gramu 5, na ilianza safari kutoka kimo cha sentimita 40. Kopo lilikuwa na gramu 200, na meza ina kimo cha sentimita 75. Akatumia kanuni ile ile aliyoikariri darasani: tungamo mara mvuto wa dunia mara kimo, na mvuto wakiuhesabu kuwa 10. Gololi ikampa juli 0.02. Kopo likampa juli 1.5. Akarudia. Majibu yakawa yale yale.

"Mama, kopo limetoa mara 75 ya kile gololi ilichoingiza," alisema. "Na mwalimu alisema nishati haiumbwi. Sasa hizi nyingine zimetoka wapi?"

Nilitaka kumjibu. Nikajizuia, nikamwambia, "Kopo lilifikaje mezani?"

Alikaa kimya kidogo. Safari hii hakutazama dari. Alitazama mikono yake. "Niliweka mimi," akasema. "Nililinyanyua mimi." Akasimama akaenda barazani, akanyanyua ubao wa mboga uliolala, akausimamisha, akaulaza, akausimamisha tena. "Na huu niliusimamisha mimi. Kumbe gololi haiangushi kopo. Gololi inabisha hodi tu."

Ndiyo nishati tuli yenyewe. Kila kitu kilichoinuliwa au kusimamishwa kimehifadhi kazi ya mkono uliokiinua, kinasubiri kuruhusiwa. Mashine ile ilikuwa na ghala sita za nguvu zake mwenyewe, gololi ikawa ufunguo. Nilimtazama bibi yake. Alikuwa ameacha kazi yake, anasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. "Hiyo nimeielewa," akasema.

Kosa langu

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa mashine ilikuwa bado inashindwa mara nyingi kuliko inavyofaulu. Usiku, wote wakiwa wamelala, nilitoka barazani kuzima taa nikaona dhumna tatu zimekaa upande. Nikazinyoosha. Kisha nikaona kitabu kimekaa mbali kidogo na boksi, nikakisogeza. Kisha nikaangusha gololi kujaribu, na balbu ikawaka kwa mara ya kwanza bila kukwama popote. Nilifurahi kama mtoto. Nikapanga kila kitu upya, kwa vipimo vyangu, nikaenda kulala.

Asubuhi waliijaribu ikafanya kazi. Wenzake walirukaruka. Yeye aliinama na rula yake, akapima, akafungua daftari, akapima tena. Halafu akaja jikoni. "Mama, umeigusa?"

Sikuweza kudanganya. Hakunijibu vibaya, wala hakupandisha sauti kama mimi siku ile ya alama 22. Alirudi barazani akaisambaratisha yote, akaanza kupanga kwa vipimo vya daftari lake. Nilimsikia akiwaambia wenzake, "Sasa hivi ikifanya kazi hatujui kwa nini."

Sentensi hiyo nimekaa nayo. Ni mara ngapi tumewamalizia watoto kazi zao za shule usiku, tukadhani tumewasaidia? Tunapeleka shuleni kazi nzuri, na mtoto anabaki pale pale alipokuwa, sasa akiwa na siri ya kuficha.

Siku ya maonyesho

Jumamosi ya maonyesho tulikaa kwenye madawati ya darasa lao, wazazi kama 30. Kundi lao lilikuwa la nne. Gololi iliteremka, dhumna zikalia tatatata, vitabu vikaangushana, kopo likaanguka. Uzi ukavutika nusu, ukasimama. Kizuizi kikabaki pale pale. Darasa zima likaguna.

Nilishika mkoba wangu kwa nguvu. Nilimjua mwanangu. Miezi mitatu kabla angekimbilia chooni.

Alisogea mbele. "Shikamooni wazazi," alianza, na sauti ikamtetemeka kidogo. "Imekwama kwenye kapi. Kopo lina nishati ya kutosha, tumelipima. Nyumbani tulipaka nta kwenye msumari, lakini huku msumari ni mwingine, una kutu. Msuguano umeongezeka, kwa hiyo nguvu ya kopo imeishia kwenye msumari badala ya kufika kwenye kizuizi. Naomba dakika mbili." Akatoa kipande cha mshumaa mfukoni. Alikuja nacho.

Mara ya pili balbu iliwaka. Ilikuwa balbu ndogo ya tochi, mchana kweupe, na waliokaa nyuma hata hawakuiona. Tulipiga makofi hata hivyo.

Baadaye mwalimu alitufungulia hesabu ambayo nadhani kila mzazi anapaswa kuijua. Tuseme mashine ina hatua 6, na kila hatua peke yake hufaulu mara 9 kati ya 10. Ungedhani ni mashine nzuri. Lakini ili balbu iwake hatua zote 6 lazima zifaulu kwa kufuatana, na ukizidisha 0.9 mara sita unapata kama 0.53. Yaani itashindwa karibu nusu ya mara zote. Kwa hiyo kushindwa hakumaanishi kwamba mtoto hana akili. Ndiyo hali ya kawaida ya kazi hii, na ndiyo sababu daftari la makosa lilipewa nusu ya alama. Mashine ikienda vizuri inafurahisha. Ikikwama inauliza swali, na mtoto analazimika kujibu kwa kutazama, kwa sababu hakuna jibu la kukariri.

Daftari la kundi lao lilikuwa na majaribio 31.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilimkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Alihofia kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza kwa nini, alichekwa. Hakuacha kuuliza. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanasayansi duniani wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina la Mtanzania huyo, na lilianza kwa kijana aliyeamini alichokiona kwa macho yake.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Mzazi mwenzangu, huhitaji maabara wala fedha. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Anzeni mwishoni. Amueni kwanza mashine ifanye nini: iwashe balbu, igonge kengele, imwagie mche maji. Kisha rudini nyuma hatua moja moja mkiuliza, "Nini kinaweza kusababisha hili?"

Jaribuni kila hatua peke yake, angalau mara kumi, kabla ya kuunganisha. Hatua inayofaulu mara sita kati ya kumi itawaaibisha tu.

Kwa mtoto wa darasa la tatu au la nne, hatua tatu zinatosha. Mwambie ataje mashine rahisi alizotumia: mteremko, wenzo, kapi, gurudumu. Kwa wa sekondari, mwambie apime na apige hesabu.

Pimeni na mwandike. Nafasi, kimo, uzito. Bila vipimo, mashine ikifanya kazi mtakuwa mmebahatisha.

Usitumie umeme wa ukutani hata kidogo. Betri za tochi za volti 1.5 zinatosha. Epukeni moto, maji ya moto, wembe na vioo. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, okoteni gololi zote kila jioni, na betri ndogo bapa za saa zisikae karibu naye kabisa, maana akizimeza ni hatari kubwa.

La mwisho ni gumu kuliko yote: weka mikono yako mgongoni. Swali linalosaidia ni fupi. "Imekwama wapi?" "Kabla ya hapo ilikuwa imefanya nini?" "Ulibadilisha nini?" Ukiona unataka sana kunyoosha kitu, nenda kapike chai.

Alama 41

Mtihani wa katikati ya muhula mpya alipata 41. Si alama za kupigia vigelegele, bado ni D. Alinipa karatasi mlangoni, na niliona mabega yake yamekaza, yakinisubiri. Nikamwambia aketi. Nikamuuliza, "Imekwama wapi?"

Alinitazama kwanza kama ananipima. Kisha akaifungua karatasi mezani, akaweka kidole kwenye swali la nne, la kapi mbili, akaanza kunieleza alipokosea. Bibi yake alivuta kiti akasogea kusikiliza. Katikati ya maelezo alisimama akaenda kuchukua bobini.

Fomu ya kuchagua masomo ilikuja wiki iliyopita. Nilimwachia ajaze mwenyewe. Aliiacha juu ya meza ili niweke sahihi, na kwenye kisanduku cha fizikia palikuwa na alama ya vema, imekolezwa mara mbili. Baba yao amerudishiwa dhumna zake. Amelalamika kwamba kipande kimoja kimepakwa nta.